Wili ya polepole kwa Boxer 150: shajara ya mradi, Tororo, mashariki mwa Uganda

Wili ni kuendesha pikipiki kwa tairi la nyuma peke yake, la mbele likiwa hewani. Lengo ni moja na linapimika. Mawe mawili yamewekwa mita 20 kutoka moja hadi jingine. Pikipiki iende kutoka jiwe la kwanza hadi la pili kwa tairi la nyuma peke yake, na saa ya simu isome sekunde 9 au zaidi. Mita 20 kwa sekunde 9 ni kilomita 8 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia kwa kujivuta. Wili ya mbio, ile ya kilomita 40 kwa saa, vijana wengi wa stendi wanaiweza na mradi huu hauihusu.

Chombo ni pikipiki, Boxer 150 iliyostaafu kubeba abiria. Waendeshaji ni wawili, mmoja wa kilo 62 na mwingine wa kilo 84, na tofauti hiyo ya uzito itaonekana mbele. Kiwanja kina nyasi fupi upande mmoja na murram (udongo wa changarawe) upande wa pili, na mwenyewe ametoa ruhusa. Barabara ya Malaba haiguswi hata kwa jaribio moja. Trela hazikatiki pale, na Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 inakataza uendeshaji wa hatari.

Maandalizi, katikati ya Januari

Kazi ilianza kwenye breki ya nyuma, na sababu lazima ieleweke kabla ya spana kushikwa. Tairi la mbele likiwa chini ya kiwango cha mizani, kitu pekee kinacholizuia lisishuke ni pikipiki kuendelea kuongeza mwendo. Ndiyo maana anayeogopa kupanda juu huishia kukimbia: anavuta resi (mpini wa mafuta) ili pua, yaani mbele ya pikipiki, isishuke, mwendo unapanda, gia inaisha, pua inashuka. Kwenda polepole kunawezekana juu tu, pale uzito wa mtu na chombo unaposimama sawasawa juu ya ekseli ya nyuma na injini haina haja ya kusukuma. Na pale juu, kinachokutenganisha na kuanguka chali ni breki ya mguu. Breki inapokamata, tairi linapunguza mwendo wakati mwili na tangi bado vinakwenda mbele, basi pua inashuka. Mwanafunzi asiyeiamini breki yake hatafika juu hata afundishwe mwaka mzima.

Breki ya nyuma ya Boxer ni ya dramu, inavutwa kwa chuma kirefu chenye nati mwishoni. Dramu ilifunguliwa. Vumbi lilifutwa kwa kitambaa chenye maji, halikupulizwa kwa mdomo wala kwa kompresa, maana vumbi la breki halifai kuingia kifuani. Viatu vya breki vilikuwa vimeng'aa kama kioo. Vilikwaruzwa kwa msasa namba 80 mpaka vikafifia, kisha ncha inayogusa dramu kwanza ikakatwa mshazari wa mm 2 hivi. Ncha kali hudaka ghafla, na breki inayodaka ghafla hairuhusu kipimo kidogo kidogo. Kemu, chuma kinachotanua viatu hivyo, ilipakwa grisi kiduchu, isije ikafika kwenye viatu.

Halafu dramu yenyewe. Pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu linazungushwa kwa mkono huku kanyagio likibonyezwa kidogo sana. Likikwama sehemu moja ya mzunguko na kulegea sehemu nyingine, dramu si duara tena. Hii ilikuwa na kasoro hiyo, ikapelekwa kwa fundi wa mashine ya kuchonga. Isingechongwa, mguu ungehisi breki ikipiga kama moyo, na kila pigo lingeishusha pua bila kuombwa.

Mchezo wa kanyagio, yaani umbali linaoshuka kabla breki haijakamata, umepunguzwa hadi kati ya mm 10 na 15. Chini ya hapo breki inasugua muda wote na dramu inachemka. Zaidi ya hapo mguu unachelewa.

Mengine yalikwenda haraka. Upepo wa nyuma umeshushwa hadi psi 22. Mchezo wa cheni ni mm 25 hadi 30 katikati. Ikilegea zaidi inagonga kila unapotoka kwenye breki kwenda kwenye resi, na mgongo mzima unaruka. Klachi ina mchezo wa mm 10 hadi 15 kwenye ncha ya mpini. Skrubu ya kabureta imepandishwa kidogo ili injini isizime breki inapoibana. Tangi linajazwa nusu. Bomba la kumwagia mafuta ya kabureta limeelekezwa mbali na tairi, kwa kuwa pikipiki ikisimama kwa nyuma kabureta hutapika, na petroli kwenye mpira ni utelezi. Betri ya maji imeondolewa, imefungwa isiyohitaji maji. Ile ya kwanza ingemwaga asidi kwenye cheni.

Spoketi ndogo imepunguzwa jino moja, kutoka 14 hadi 13, ya nyuma ikabaki na meno 42. Uwiano umetoka 3.0 hadi 3.23, mvuto umeongezeka karibu asilimia 8. Tororo iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na hewa nyepesi inaila injini hii kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa hiyo jino hilo linarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Mtu wa kilo 84 analihitaji. Wa kilo 62 angeweza kuliacha.

Kutafuta mizani kwa kamba

Hii ilifanyika kabla ya injini kuwashwa hata mara moja, na ni kazi ya saa moja inayookoa wiki nzima. Kamba ya nailoni ilipitishwa juu ya tawi nene la mwembe, ikafungwa kwenye shingo ya foku. Watu wawili wanavuta, mmoja anasimama kila upande wa gurudumu la nyuma, mwendeshaji amekaa nyuma kabisa ya kiti na kofia kichwani. Pua inapanda taratibu. Kuna mahali kamba inalegea ghafla mikononi mwa wavutaji ingawa pikipiki haijaanguka upande wowote. Hapo ndipo.

Kwa mwenye kilo 62, ekseli ya mbele ilikuwa sm 122 kutoka ardhini. Kwa mwenye kilo 84, sm 114. Mzito anaurudisha uzito wote nyuma zaidi, kwa hiyo mizani yake inafika mapema. Ekseli ikiwa chini iko sm 30, na urefu kutoka ekseli hadi ekseli ni kama mita 1.28, basi tunazungumzia nyuzi 41 hadi 46. Wote wawili walishangaa ilivyo juu. Mwanafunzi aliyekaa pale, akaona mikono yake ilipo na anga lilipo, hataghafilika tena siku injini itakapompeleka.

Kwa kipimo hicho hicho kilitengenezwa chuma cha kinga cha nyuma. Ni bomba la mraba la mm 25, mikono miwili, kipande cha kuvuka, na bati la mm 4 lililokunjwa kama kijiko chini yake. Kinagusa ardhi ekseli ya mbele ikifika sm 140, yaani nyuzi karibu 60. Kikigusa kabla ya mizani, mwanafunzi atakiegemea kama mkongojo na mguu hautajifunza. Bati la kijiko ni la lazima kwenye nyasi: bomba tupu linachimba udongo, linakwama, linamrusha mtu. Kimefungwa kwa boliti za mm 10 kwenye sehemu za keria na za vikanyagio vya abiria. Fundi alitaka kukichomelea kwenye fremu tukakataa, kwa sababu chuma cha fremu kando ya mshono wa kuchomelea hupasuka kwa mitetemo, na ufa huo huonekana siku umechelewa.

Kifaa cha mwisho ni swichi ya kuzima injini yenye kamba ya mkononi, ile ya injini za boti, inayopatikana kwa wauza vipuri wa wavuvi upande wa ziwa. Kipini kikichomoka, swichi ya boti huunganisha waya na bodi. Inafaa moja kwa moja kwa pikipiki inayozimwa kwa njia hiyo. Pikipiki ambayo ufunguo wake hukata umeme inahitaji rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) katikati, na fundi umeme apime kwanza kabla ya kukata waya wowote. Kamba inafungwa kifundo cha mkono wa kushoto.

Wiki ya 1: hakuna kuinua

Siku tatu, breki tupu. Gia ya kwanza, resi ikiwa imetulia, klachi nusu, breki ya mguu ikibana dhidi ya injini, mwendo wa mtu anayetembea. Zoezi ni kupita mita 20 kwa sekunde 15 bila kuweka mguu chini. Kisha sekunde 18. Kisha 20.

Gambuti zilikatazwa siku ya kwanza hiyo hiyo. Soli yake ni nene, kisigino kinacheza ndani, na mwenye kilo 84 alikuwa anaifunga breki bila kujua. Kiatu kinachofaa kina soli nyembamba na kinafunika kifundo. Kofia ngumu, glavu, na pedi za viwiko na magoti ni za kila jaribio. Pedi ya mgongo pia, kwa kuwa mchezo huu ukikosea unaangusha chali.

Wiki ya 2: sentimita thelathini

Utaratibu wa kuinua, kama ulivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mtini:

Kaa nyuma ya kiti, mikono imenyooka bila kukazwa. Mguu wa kulia uko juu ya breki tangu mwanzo, si baadaye. Gia ya kwanza, mwendo wa kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Vidole viwili kwenye klachi. Bana klachi, pandisha resi hadi katikati, achia klachi kwa haraka lakini si kwa kuitupa. Pua ikitoka chini tu, bonyeza breki.

Hesabu ya wiki ni inua mia moja, zote zimalizwe kwa breki. Kukata resi hakuhesabiwi. Hapa ndipo waalimu wengi wanaharakisha na hapa ndipo wanakosea. Mwili wa binadamu ukihisi unaanguka nyuma hukaza mikono, mkono wa kulia ukikazwa unavuta resi, na resi inaongeza kile kile kilichomtisha. Dawa ni mguu uwe umeshazoea kujibu kabla ya akili, na mazoea hayo yanajengwa pale chini, tairi likiwa halizidi sm 30 juu ya ardhi, ambapo kukosea hakugharimu kitu. Kiganja nacho kishike mpini kifundo kikiwa kimeshuka, ili mwili ukirudi nyuma mkono usipate nafasi ya kuzungusha zaidi.

Mwenye kilo 62 alikosa breki mara 11 katika 100. Mwenye kilo 84 mara 23, nyingi siku ya kwanza. Aliongezewa inua 50.

Tatizo la chombo: siku ya nne pikipiki ilianza kuruka mdundo. Kabla ya mazoezi mstari wa chaki huchorwa kutoka kwenye rimu hadi kwenye mpira, na siku hiyo vipande viwili vya mstari vilikuwa vimeachana kama upana wa kidole. Tairi linateleza ndani ya rimu na kuvuta tyubu, vali imeinama. Ikiendelea vali inakatika shingoni na upepo wote unatoka mara moja, pua ikiwa juu. Upepo ulirudishwa hadi psi 24 na chaki haikuhama tena. Psi 22 ni nzuri kwa mshiko, lakini kwa tairi la tyubu lenye kuachiwa klachi mara mia kwa wiki ni ndogo mno.

Wiki ya 3 na ya 4

Urefu unapanda kwa ngazi: ekseli sm 60, sm 90, sm 110. Mtu anasimama pembeni na fito iliyotiwa alama za rangi. Hakuna kupanda ngazi mpaka kuinua kumi mfululizo kumalizwe kwa breki.

Mwishoni mwa wiki ya 4 kila mmoja alitakiwa kugusa chuma cha kinga kwa makusudi mara kumi, kwenye nyasi kavu, baada ya saa tatu asubuhi umande ukiwa umekauka. Mpaka mtu avuke mizani na kurudi kwa mguu wake mwenyewe, ataendelea kubaki chini kidogo ya mizani, na tumeshaona chini kidogo kunampeleka wapi. Mwenye kilo 62 aligusa mara tatu tu. Saba zilizobaki breki ilimrudisha kabla ya bati kufika ardhini, na zikakubaliwa.

Nyakati za kwanza kati ya mawe, mwisho wa wiki ya 4, kwa sekunde: 4.4, 4.1, 5.0, 4.7. Yaani kilomita 14 hadi 18 kwa saa. Bado ni mbio.

Wiki ya 5: kuyumba upande

Sasa pua inakaa juu, na ugonjwa mpya umetokea. Pikipiki inalalia kushoto na kutoka nje ya mstari. Kwa mwendo wa kasi magurudumu yanayozunguka husaidia kuisimamisha. Kwa kilomita 12 kwa saa msaada huo ni mdogo, na gurudumu la mbele linakaribia kusimama hewani. Usukani nao haugusi ardhi. Kilichobaki ni kiuno, magoti na vikanyagio.

Ikilalia kushoto, goti la kulia linatoka nje na uzito unakwenda kwenye kikanyagio cha kulia, kwa tao la mguu, vidole vikibaki kwenye breki bila kubonyeza. Ikilalia kulia, kinyume chake, na hiyo ni rahisi kwa kuwa mguu wa kushoto hauna kazi nyingine. Macho yaangalie jiwe la pili, kando ya usukani. Anayeangalia tairi la mbele anafuata tairi.

Sababu ya kushoto daima iligundulika kwa kumpiga picha mwendeshaji kutoka nyuma. Ili aifikie breki, alikuwa amehamisha kiuno chake kushoto kwa karibu sm 4. Kanyagio lilipandishwa kidogo, kiuno kikarudi katikati, na nusu ya kuyumba ikaisha siku ile ile. Kabla ya kumlaumu mtu, kagua alivyokaa.

Sekunde, Jumamosi: 5.1, 4.8, 5.6, ilishuka kabla ya jiwe, 6.2.

Wiki ya 6: matengenezo

Kutua kunakula chombo hiki kuliko kuinua. Inapobaki kama sm 20 pua ifike chini, resi kidogo inatolewa ili itue kwa upole, usukani ukiwa umenyooka. Wakitua kwa kuachia tu, sili za foku zinavuja na gololi za shingo ya usukani zinalegea. Zote mbili zilitokea. Shingo inakaguliwa hivi: gurudumu la mbele likiwa hewani, shika ncha za foku, sukuma na kuvuta. Kugonga kokote kunakosikika ni gololi zilizolegea.

Spoku zinapigwa moja moja kwa spana ya namba 10 kabla ya kila kikao. Spoku iliyokaza inalia ting, iliyolegea inasema tup. Sita za nyuma zilisema tup.

Kebo ya klachi ilifunguliwa kwenye mpini. Karibu na kichwa chake cha risasi, nyuzi nne zilikuwa zimekatika na kujikunja kama ndevu. Imebadilishwa. Kebo ikikatika wakati pua iko juu, njia ya kukata nguvu inabaki resi, breki na kamba ya swichi tu, na mwanafunzi wa wiki ya sita hana nafasi ya kufikiri hivyo.

Oili inapimwa kila kikao na kubaki kwenye alama ya juu. Pikipiki ikisimama kwa nyuma oili inakimbilia nyuma ya injini, na pampu inaweza kunyonya hewa. Kuijaza kupita alama si dawa, inapanda kwenye bomba la kupumulia na kulowesha chujio la hewa. Injini hii inapozwa na upepo wa mwendo, na hapa mwendo hakuna, basi dakika 15 za kazi, 5 za kupumzika. Plati za klachi zikianza kunuka, siku imekwisha.

Wiki ya 7

Klachi imeanza kuachwa. Kwenye mizani, klachi imeachiwa kabisa, injini iko karibu na mwendo wake wa chini, na breki inagusa mara kwa mara, mguso mwepesi wa nusu sekunde. Kosa la wiki ni kuibonyeza breki kwa muda mrefu na resi kwa muda mrefu, pua inapanda na kushuka kama ndoo kisimani. Miguso iwe midogo na mingi. Mwenye kilo 84 alilielewa hili kabla ya mwenzake, pengine kwa sababu uzito wake unafanya kila kitu kitokee taratibu zaidi.

Sekunde, kilo 84: 6.8, 7.1, 7.4, 6.9. Kilo 62: 6.1, 7.0, 5.8, 7.3.

Wiki ya 8, mwanzo wa Machi

Mvua imeanza. Nyasi zimefungwa kwa mazoezi, murram inatumika siku ikikauka tu. Kwenye murram tairi la nyuma likifungwa na breki linateleza badala ya kuishusha pua, kwa hiyo shinikizo la mguu limepungua na sekunde zimepungua pamoja nalo: 6.5, 6.6, 6.2. Hilo lilitarajiwa.

Alhamisi palikauka. Kilo 84: 7.7, 8.3, 9.2, 8.6. Ile ya 9.2 ilipimwa na simu mbili, moja ikasoma 9.2 na nyingine 9.1. Kilo 62 bora yake ni 8.1.

Kinachofuata: viatu vipya vya breki, maana nati ya chuma cha breki ya nyuma imebakiza nyuzi chache za kukaza. Kisha mawe yasogezwe hadi mita 30.